Baiskeli ya Mlima na Mpandaji Wake

Barabara ni kazi ya watu waliotangulia. Walioichonga waliondoa mawe, wakafukia mashimo na kupunguza ukali wa vilima, ili wapitao nyuma yao wasisumbuke kufikiri. Njia ya miguu haikufanyiwa hisani hiyo. Imefuata kipenyo cha mbuzi na mkondo wa maji ya mvua. Hapa ina mzizi, pale ina changarawe, na mbele kidogo ina kona isiyotoa taarifa. Mtu apandaye baiskeli barabarani hutumia kazi ya wengine. Yule aiachaye barabara hubakiwa na vitu viwili tu vya kumtetea, chombo chake na akili yake. Kwa hiyo kuchagua baiskeli ya mlima si anasa tupu kama wengi wadhaniavyo. Ni mapatano kati ya fedha ya mtu, mwili wake na ardhi aikusudiayo. Na katika mapatano hayo, kosa lililofanywa dukani hulipwa mteremkoni.

Baiskeli za mlima zilizo nyingi madukani leo ni za jamaa mbili. Jamaa ya kwanza ina springi mbele na nyuma: uma wake hushuka na kupanda, na sehemu ya nyuma ya fremu imeungwa kwa bawaba ili gurudumu lipate kucheza peke yake. Jamaa ya pili ina springi katika uma wa mbele tu. Nyuma yake imeshikamana na fremu moja kwa moja, wala hainepi kwa kadiri ya kutegemewa. Huko Marekani, ambako vyombo hivi vilizaliwa, jamaa hii ya pili ilipewa jina la utani, mkia mgumu. Jina hilo limemkaa mwenyewe vizuri, maana kila jiwe linalogongwa na gurudumu la nyuma hufikisha salamu zake katika miguu ya mpandaji bila ya kupunguzwa. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: kwa nini mtu mwenye akili timamu achague chombo chenye nusu ya starehe, ilhali chenye starehe kamili kipo?

Jibu laanzia katika asili ya chombo chenyewe, na asili yake ni ya unyonge. Katika miaka ya 1970, vijana wa wilaya ya Marin, kaskazini ya mji wa San Francisco katika jimbo la California, walizoea kutafuta baiskeli kuukuu zilizoundwa miaka ya 1930 na 1940 na viwanda kama Schwinn. Zilikuwa na fremu nzito za chuma na mipira minene iliyojazwa upepo mwingi, nazo zilikuwa zimekwisha kutupwa na wenyewe. Vijana wale walizipandisha katika vilima vilivyouzunguka Mlima Tamalpais, kisha wakateremka nazo kwa kasi ambayo waundaji wake hawakuiota. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianzisha mashindano katika njia moja iliyo karibu na mji mdogo wa Fairfax, ishukayo futi 1,300 hivi katika mwendo wa maili mbili hivi. Breki zao zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na zilifungwa kwa kukanyaga kinyume. Kabla ya kufika chini, breki hizo zilipata moto hata grisi yake ikatoka moshi, na baada ya mbio ilipasa kitovu kifunguliwe na kushindiliwa grisi mpya. Kwa sababu hiyo njia ile ikaitwa Repack, yaani kushindilia tena. Shindano la kwanza lilichukuliwa na Alan Bonds, na husimuliwa kwamba alishinda kwa kuwa yeye peke yake hakuanguka.

Haja ilizaa ufundi. Katika mwaka wa 1977, Joe Breeze, mmoja wa waendeshaji wale, aliunda fremu iliyokusudiwa tangu mwanzo kwa kazi ile, naye akashinda nayo; baiskeli hiyo sasa imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani. Katika mwaka wa 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakaanza kuuza baiskeli zilizojengwa juu ya fremu za Tom Ritchey, na katika mwaka wa 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, baiskeli ya mlima iliyoundwa kiwandani kwa wingi na kuuzwa kwa watu wa kawaida. Katika vyombo vyote hivyo hapakuwa na springi hata moja. Fisher aliteremka Repack kwa dakika 4 na sekunde 22, muda ambao haukuvunjwa katika mashindano yale, juu ya baiskeli ambayo springi zake zilikuwa magoti na viwiko vyake mwenyewe. Uma wa springi wa kampuni ya RockShox ulitoka baadaye, mwaka wa 1989. Na mchezo huu ulipoingia katika Olimpiki ya Atlanta mwaka wa 1996, baiskeli yenye springi mbele na mkia mgumu nyuma ilikuwa ndiyo ada. Kwa hiyo mkia mgumu si baiskeli iliyopungukiwa na kitu. Ni shina ambalo nyingine zimechipuka kwake.

Walakini uzee wa shina si hoja ya kutosha, na mwenye kuzisifu springi mbili asinyimwe haki yake. Gurudumu la nyuma lenye springi hufuata uso wa ardhi. Halirukiruki juu ya mawe, na kwa sababu hiyo hushika vizuri zaidi, katika breki na katika kupanda mahali penye mashimo. Mpandaji wake huchoka kidogo zaidi, na mwenye mgongo mbovu huona nafuu kubwa. Lakini nafuu hiyo ina gharama mbili. Ya kwanza huonekana dukani: kati ya baiskeli mbili za bei moja, fedha iliyoingia katika bawaba na springi ya nyuma haikuingia katika breki, wala katika uma, wala katika magurudumu. Ya pili huonekana baada ya msimu wa mvua na vumbi: bawaba hulegea, beringi hulika, na springi ya nyuma hudai mafuta mapya na mikono ya fundi aliyesomea kazi hiyo. Mtu aishiye mbali na fundi wa namna hiyo amenunua starehe ya mwaka mmoja na usumbufu wa miaka mingi.

Jinsi pengo la jamaa hizi mbili lilivyo dogo katika mikono ya mabingwa ilidhihirika tarehe 12 Agosti 2012, katika shindano la wanaume la Olimpiki ya London, lililofanyika Hadleigh Farm katika jimbo la Essex. Jaroslav Kulhavý wa Ucheki alipanda baiskeli yenye springi mbele na nyuma. Nino Schurter wa Uswisi alipanda mkia mgumu. Walishindana kwa saa moja na dakika 29 juu ya mawe yaliyopangwa kwa makusudi ya kuwatesa, na mwishowe Kulhavý akashinda kwa sekunde 1 tu. Nyuma yao Marco Fontana wa Italia alipata nishani ya tatu, ingawa tandiko la baiskeli yake lilikatika kabla ya kufika mwisho, akamaliza kwa kusimama juu ya makanyagio. Mtu asikiaye habari hiyo na bado akaamini kwamba springi ndiyo inayopanda mlima, hana budi kueleza ni springi gani iliyomfikisha Fontana pasipo tandiko.

Katika shindano hilohilo alikuwamo kijana wa Afrika ya Mashariki, Adrien Niyonshuti wa Rwanda, aliyeshika nafasi ya 39. Yeye ndiye aliyeibeba bendera ya nchi yake katika sherehe za kufungua michezo ile. Alikuwa ameponea mauaji ya kimbari ya mwaka wa 1994, ambayo yaliwachukua ndugu zake sita. Njia iliyomfikisha Essex ilipita, kwa namna ya ajabu, katika vilima vya Marin. Tom Ritchey, yule muundaji wa fremu za mwaka wa 1979, aliizuru Rwanda mwaka wa 2005, akaona wakulima wa kahawa wakihangaika na mizigo katika nchi ya milima elfu, na akawabunia baiskeli ya kubebea kahawa. Katika juhudi hizohizo Jonathan Boyer, aliyekuwa mwaka wa 1981 Mmarekani wa kwanza kushiriki mashindano ya Tour de France, alikuja kuwafunza vijana wa timu ya Rwanda, na Niyonshuti alikuwa miongoni mwao.

Habari hii ina funzo la kuchagua kuliko matangazo yote ya wauzaji. Ritchey angaliweza kuwapelekea wakulima baiskeli za mashindano, naye alikuwa hodari wa kuziunda. Hakufanya hivyo. Baiskeli ya kahawa ilipewa sehemu ndefu ya nyuma ya kukalisha magunia, na gia za kupandia vilima. Springi hazikuwamo, kwa kuwa gunia halilalamiki. Mwanamashindano na mkulima waliishi katika milima ileile, lakini kazi zao zilikuwa mbili, basi na vyombo vyao vikawa viwili. Ndiyo maana atakaye kununua baiskeli ya mlima apaswa kuanza na ardhi yake, si na katalogi. Na aulize: njia zake ni za udongo laini au za mawe? Zina mipando mirefu au miteremko mikali? Ataendea kazini kwa baiskeli hiyohiyo siku sita, na msituni siku moja? Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na ni kweli kwa yule afanyaye uchaguzi kuwa kisingizio cha kutolima. Lakini mkulima mwenyewe hulijua jembe la shamba lake.

Jambo la kwanza la kutazama ni kimo. Baiskeli isiyomfaa mtu kwa kimo haifai kwa lolote jingine, hata ikiwa ya bei kubwa kiasi gani. Mpandaji asimame juu ya makanyagio yaliyo sawasawa, viwiko vimekunjwa, kifua kimeinama kidogo. Akijiona amebanwa na usukani kama aliye katika kiti cha mtoto, fremu ni fupi. Akijiona amenyooka kama anayefikia kitu cha juu ya rafu, fremu ni ndefu. Pili ni pembe ya uma. Baiskeli za zamani za mashindano zilikuwa na pembe ya digrii 71 hivi, uma wake ukisimama karibu wima. Nyingi za leo zilizokusudiwa njia mbaya zina digrii kati ya 64 na 67. Uma uliolala huliweka gurudumu la mbele mbali zaidi, hata katika mteremko mpandaji hawi rahisi kupinduka kichwani, na usukani hautikisiki kwa kila kokoto. Uma uliosimama hugeuka upesi, na katika mpando wa polepole hauyumbi. Apendaye kupanda asidharau huu, na apendaye kuteremka asidharau ule. Aliye kati na kati achukue pembe iliyo kati na kati.

Tatu ni urefu wa mwendo wa springi, na hapa wengi hudanganyika kwa kudhani kwamba nyingi ni bora kuliko kidogo. Katika mkia mgumu mambo si hivyo. Springi ya mbele ikididimia, nyuma hubaki palepale. Baiskeli nzima huinama mbele, na ile pembe iliyolala husimama kwa ghafula, tena katika dakika ileile ambayo mpandaji aliihitaji ilale. Kwa hiyo mwendo wa milimita 100 humtosha mwanamashindano, na milimita 120 hadi 140 humtosha mtu wa njia za mawe. Zaidi ya hapo chombo huwa na kichwa cha simba na kiuno cha nyigu.

Nne ni madini ya fremu. Chuma cha pua na vyuma vingine vyepesi ni vizito kidogo kuliko aluminiamu, lakini huvumilia, hunepa kidogo, na hodari wa kuchomelea aweza kukiunga kilichovunjika. Aluminiamu ni nyepesi, ngumu na ya bei ya kadiri, na baiskeli zilizo nyingi ni za aluminiamu. Nyuzi za kaboni ni nyepesi kuliko zote, nazo ni ghali. Tena jeraha lake laweza kujificha ndani pasionekane kwa macho. Tano ni magurudumu. Lenye inchi 29 hupita juu ya mawe na mashimo kwa urahisi zaidi. Lenye inchi 27.5 hugeuka kwa wepesi na huwafaa watu wafupi. Lile la inchi 26, lililokuwa kawaida tangu Repack, bado lipo katika baiskeli kuukuu. Ubora wa gurudumu usipimwe kwa hesabu tu: lililo bora ni lile ambalo mpira wake wapatikana katika duka la jirani siku mpira utakapochanika.

Zaidi ya yote, mnunuzi mwenye fedha chache ajihadhari na springi za mapambo. Zipo baiskeli za bei ya chini zenye springi mbele na nyuma, zinazong’aa kama vyombo vya harusi. Springi zake hazina mafuta wala vali za kutuliza mrudio. Hudidimia kwa uzito na kurudi kwa teke, na bawaba zake hulegea kabla ya mipira kwisha. Kwa fedha hiyohiyo, au kwa kuongeza kidogo, apatikana mkia mgumu wa pili mkono, ulioundwa na watu walioheshimu kazi yao. Anunuaye kitu cha namna hiyo achunguze maungio ya fremu kama yana nyufa, atazame miguu ya uma kama ina mikwaruzo, ainue gurudumu na kulizungusha aone kama laenda mrama, kisha alishike na kulitikisa ubavuni asikie kama kitovu kina mchezo. Rahisi huwa ghali, lakini si kila cha zamani ni rahisi kwa maana hiyo.

Baiskeli ikishapatikana, kazi ya kuifanya iwe tiifu nje ya barabara haianzi kwa mafundi wakubwa. Huanza na pampu. Mpira ndio kiungo cha pekee kinachogusa ardhi, na katika mkia mgumu mpira wa nyuma hufanya pia kazi ya springi isiyokuwapo. Uliojazwa hata ukawa kama jiwe hudunda juu ya kila kokoto, na kitu kinachodunda hakishiki. Uliolegea kupita kiasi hukunjika katika kona, na rimu hugonga jiwe na kuutoboa mpira wa ndani mahali pawili kwa mara moja. Mtu wa kilo 70, mwenye mipira ya upana wa inchi 2.3 isiyotumia mpira wa ndani, aweza kuanza na ratili 22 kwa kila inchi ya mraba mbele na ratili 25 nyuma, kwa kuwa uzito mwingi wa mtu hukaa nyuma. Kisha aongeze au apunguze ratili moja moja mpaka apate kipimo cha njia zake. Kuuondoa mpira wa ndani na kutia utomvu maalumu wa kuziba matundu ni badiliko kubwa kuliko mengi yaliyo ghali, maana huruhusu upepo upunguzwe bila ya hofu ya pancha za kila siku, na miiba midogo hupoteza nguvu zake. Na mpira wenye meno makubwa zaidi uwekwe mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, mpandaji hushituka. La mbele likiteleza, mpandaji huanguka.

Baada ya mpira ni usukani. Katika miaka ya 1980 na 1990 baiskeli za mashindano zilikuwa na usukani mwembamba na shingo ndefu, iliyozidi milimita 100 mara nyingi. Siku hizi shingo ni ya milimita 35 hadi 50, na usukani ni wa milimita 740 hadi 800. Usukani mpana humpa mtu nguvu ya kulishinda jiwe lipindalo gurudumu, na shingo fupi hufanya mikono na gurudumu vizungumze bila ya mkalimani. Lakini mwenye fremu ya zamani asikimbilie kufuata desturi mpya: fremu ile iliundwa fupi kwa kutegemea shingo ndefu, na shingo ikifupishwa sana mpandaji hukosa pa kuweka magoti. Na apunguze kidogo kidogo. Tena anayetaka kuukata usukani ajaribu kwanza kwa kusogeza vishikio ndani, kwa kuwa kilichokatwa hakirudi.

Uma nao una mizani yake. Mpandaji akisimama juu ya baiskeli katika hali ya kuteremka, springi yapasa ididimie kadiri ya sehemu moja katika tano ya mwendo wake. Yaani katika uma wa milimita 120, milimita 24. Pete ndogo ya mpira iliyovishwa mguu wa uma huonyesha kipimo hicho bila ya uongo. Springi isiyodidimia kabisa haina pa kwenda gurudumu linapoingia shimoni, na iliyolegea humnyima mtu nusu ya alicholipia. Kasi ya kurudi iwe ya wastani: ikirudi upesi mno humtupa mpandaji, na ikirudi polepole mno huendelea kujikunja kwa kila pigo mpaka ikakosa mwendo. Tandiko lishushwe katika miteremko na kuinuliwa katika mipando. Joe Breeze na mwenzake Josh Angell waliliona jambo hilo tangu mwaka wa 1984 walipouza springi ndogo ya kupandisha tandiko bila ya kushuka. Leo kuna nguzo zishukazo kwa kubonyeza kitufe, lakini mwenye nguzo ya kawaida hahitaji ila kusimama na kulegeza komeo. Na katika marekebisho yote haya sheria ni moja: libadilishwe jambo moja kwa safari moja. Abadilishaye matano kwa siku moja hatajua lipi lililomponya na lipi lililomdhuru.

Hata hivyo, rekebisho kubwa kuliko yote haliuzwi. Ni kusimama. Mtu aliyeketi juu ya mkia mgumu katika njia ya mawe amejifanya gunia. Kila pigo hulipokea kwa uti wa mgongo, na baiskeli humtupa kwa kuwa hana kiungo cha kuifuata. Aliyesimama, makanyagio yakiwa sawasawa, visigino vimeshuka, magoti na viwiko vimekunjwa, ana springi nne ambazo hakuna kiwanda kilichowahi kuziunda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka mteremko kadhalika: kiuno chake kirudi nyuma kidogo, kifua chake kishuke karibu na usukani, uzito wake ukae miguuni wala si mikononi. Macho yatazame mbali, mahali pa kwenda, wala yasiganda juu ya jiwe la kuogopwa, maana baiskeli hufuata macho. Katika kona, kanyagio la nje lishuke na kubeba uzito, na baiskeli ilazwe chini ya mwili badala ya mwili kulala pamoja nayo. Breki ya mbele, inayoogopwa na wengi, ndiyo yenye nguvu nyingi. Lakini ifungwe kwa upole, gurudumu likiwa limenyooka, kabla ya kona na si ndani yake.

Hapo ndipo thamani ya chombo hiki huonekana. Springi mbili humsamehe mtu aliyechagua mahali pabaya pa kupita. Mkia mgumu humwambia palepale. Msamaha ni jambo jema, lakini mwenye kusamehewa kila mara bila ya kuambiwa kosa lake hachelewi kulizidisha, na huongeza mwendo mpaka akafika mahali ambapo springi zenyewe hazina msamaha tena. Aliyejifunza juu ya mkia mgumu huzoea kuisoma ardhi, hatua kumi mbele ya gurudumu, kama mtu asomavyo sentensi nzima kabla ya kuitamka. Akipata siku moja baiskeli yenye springi mbili huenda nayo vizuri, kwa kuwa ujuzi alionao hautoki katika bawaba. Yule aliyeanza na starehe mara nyingi hana pa kurudi.

Linabaki neno la ardhi yenyewe, kwa kuwa nayo ina haki katika mapatano. Watu wa Marin walijifunza jambo hili kwa uchungu. Baiskeli zao zilipoongezeka katika miaka ya 1980, waendao kwa miguu na wapandao farasi walilalamika kwamba wanashitushwa na kugongwa, na njia zinachimbika. Wenye mamlaka wakawafungia waendeshaji njia nyingi nyembamba za mlima uleule uliowazaa, na katika njia pana wakawawekea mwendo usiozidi maili 15 kwa saa. Mchezo ulioanza kwa kuikimbia barabara ukajikuta chini ya sheria za barabara. Wala haikuwa dhuluma tupu. Gurudumu la nyuma la mkia mgumu ni jepesi kufungika na kuburuzika, na mburuzo huo, unaowafurahisha vijana, huchora mfereji mwembamba katika udongo. Mvua ya kwanza huuona mfereji na kuupita. Ya pili huupanua. Na baada ya misimu michache njia iliyochongwa na vizazi imekuwa korongo. Mpandaji ajuaye kuteremka bila ya kuliburuza gurudumu lake amefika mwisho wa ujuzi wa chombo hiki, na kesho yake njia itakuwapo kwa ajili yake na kwa ajili ya mwenye miguu tu.